Pesa zimekosa uzito, na wapagazi je?

MNAMO Januari 2023, kiwanda kimoja kule Ruaraka, kando ya barabara kuu ya Thika jijini Nairobi, kilizima mitambo yake. Hakikuwa kiwanda cha sabuni wala cha biskuti. Kilikuwa kiwanda cha kuchapisha pesa.

Kampuni ya De La Rue, ambayo asili yake ni Uingereza, ilitangaza kuwa haikutarajia kupata kazi ya kuchapisha noti za Kenya kwa angalau mwaka mmoja, na watu wapatao 300 wakapigwa kalamu.

Siku hizo kulikuwa na kauli moja iliyosikika katika matatu, maofisini na hata nje ya makanisa baada ya ibada: "Simu imeua kiwanda cha pesa." Na ukimtazama Mkenya wa leo akinunua sukuma wiki ya shilingi 20 kwa kubonyeza simu, utakubali kwamba waliosema hivyo hawakuropoka tu.

Hata hivyo, tusiwe wepesi wa kuhukumu. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Kenya iliagiza noti mpya, na kazi hiyo ikapewa kampuni ya Giesecke+Devrient ya Ujerumani. Mkataba wenyewe ni wa miaka mitano na unahusu noti zaidi ya bilioni 2. Kumbe noti zingali zinachapishwa! Kilichohama ni mashine pamoja na mikono inayoziendesha.

Nimeanzia hapo makusudi, kwa kuwa kila tunapozungumza kuhusu teknolojia majumbani mwetu huwa tunachanganya mambo mawili. Kuna kazi ambayo imekufa kweli, kwa sababu kitu chenyewe kimekuwa chepesi hata hakishikiki tena. Na kuna kazi ambayo ingali hai, ila imehamia kwa watu wengine. Mzazi anayekuna kichwa akijiuliza mwanawe asomee nini, afadhali atenganishe hayo mawili kabla ya kulipa karo.

Kwa hakika, pesa kupungua uzito si jambo la jana wala juzi.

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji haikubeba sarafu nyingi, maana huko bara hazikuwa na faida. Ilibeba marobota ya kitambaa cha merikani, kilichopata jina hilo kwa sababu kilitoka viwanda vya Marekani. Ilibeba shanga na masongo ya nyaya za shaba. Hizo ndizo zilizokuwa pesa. Msafara ukitaka chakula ulipima kitambaa. Ukitaka kupita katika nchi ya mtu ulilipa hongo kwa kitambaa na nyaya. (Naam, hongo! Wakati huo neno hilo lilikuwa na maana ya ushuru wa njia, na lililipwa mchana peupe.)

Sasa hebu fikiria, msomaji. Pesa hizo zote zilibebwa na binadamu. Mpagazi mmoja alichukua mzigo wa takriban kilo 30, kichwani au begani, kwa muda wa miezi. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi, watu waliosifika kwa kazi hiyo pwani na bara. Kadiri tajiri alivyokuwa na pesa nyingi ndivyo alivyohitaji mabega mengi. Pesa yenyewe ilikuwa mwajiri.

Majirani zetu wa Buganda nao walitumia makombe ya kauri yaliyotoka Bahari ya Hindi, ambayo waliyafunga kwa kamba na kuyahesabu kwa mamia. Makombe hayo yalikwisha zamani, lakini hata leo Mganda akitaka kusema pesa husema "ensimbi", neno lile lile la kauri.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Rupia za fedha zikasambaa, na baadaye shilingi. Mzigo wa watu kumi ukaingia katika mfuko mmoja wa ngozi. Mpagazi hakuwa amefanya kosa lolote. Bega lake lilikuwa na nguvu zile zile za jana, ila hapakuwa na kitu cha kuweka juu yake.

Hata sisi ambao hatukuyaona hayo tunaijua pesa nzito. Mfanyakazi wa Nairobi aliyetaka kumtumia mamake pesa kule Siaya au Kitui alikuwa na njia chache mno. Angeweza kupanga foleni posta na kukata mani oda, kisha mama asubiri siku kadhaa na kufunga safari hadi posta ya mjini, ambako huenda angeambiwa hakuna pesa, arudi kesho. Ama mwana angetia noti ndani ya bahasha na kumkabidhi dereva wa basi la usiku, halafu amwachie Mungu. Ama angengoja mtu wa kwao apate likizo.

Ndipo mnamo Machi 2007 kampuni ya Safaricom ikaanzisha M-Pesa. Wazo lenyewe lilikuwa la Nick Hughes wa Vodafone kule Uingereza, naye mwenzake Susie Lonie akaja Nairobi kulisimamia. Ajabu ni kwamba walipoanza majaribio mwaka 2005 nia yao ilikuwa kuwarahisishia watu ulipaji wa mikopo midogo midogo. Waliopewa simu za majaribio wakawa wanatumiana pesa wao kwa wao. Wazungu wakaona, wakabadilisha mpango. Tangazo la kwanza lililotundikwa kila mahali halikutaja mikopo hata kidogo, lilisema tu tuma pesa nyumbani.

Wengi hudhani kwamba noti ikiingia kwenye simu huyeyuka. La hasha. Ukimpa wakala shilingi 1,000, yeye hukukatia shilingi 1,000 za simu kutoka katika akiba yake mwenyewe, ambayo mawakala wenyewe huiita floti. Akiba hiyo aliipata kwa kuweka pesa taslimu mapema. Kila shilingi iliyo kwenye simu ina shilingi mwenzake iliyolala benki katika akaunti ya amana, ambayo kampuni hairuhusiwi kuitumia kama mali yake.

Kwa hivyo kinachosafiri kutoka Nairobi hadi Siaya ni ujumbe tu: punguza huku, ongeza kule. Noti ya Nairobi hubaki Nairobi, na ya Siaya hubaki Siaya.

Je, ni nani anayehakikisha kwamba hiyo noti ya Siaya ipo siku ya soko, wakati mama amekuja na simu yake mkononi? Ni yule kijana au mama wa kibandani. Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema teknolojia imemaliza kazi zote. Ukijumlisha kampuni zote za simu, mawakala wa pesa waliosajiliwa nchini wamepita 300,000. Hakuna kiwanda kilichowahi kujengwa Kenya kikaandika watu wengi namna hiyo.

Lakini tuitazame kazi yenyewe kwa karibu. Asubuhi watu wanatoa pesa, noti zinamwishia. Jioni wenye maduka wanaweka pesa, floti inamwishia. Kila mara inambidi afunge kibanda akimbie benki, na akiwa njiani wateja wanakwenda kwa jirani yake. Hana mshahara. Hulipwa kidogo kidogo kwa kila pesa inayopita mikononi mwake. Kodi ya kibanda ni yake, hasara ya noti bandia ni yake, na jambazi akija usiku, kisu ni chake pia. Kampuni anayoitangaza kwa rangi ya ukuta wake ina waajiriwa wa kudumu elfu chache tu, naye si mmoja wao.

Mimi humwita mpagazi mpya. Tofauti ni kwamba yule wa Tabora alijua tajiri wake ni nani.

Ukitaka kujua tulichopoteza, nenda Webuye. Kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills, ambacho kila mtu alikiita Panpaper, kilianza kutoa karatasi mwaka 1974. Waliopita barabara ile ya kwenda Malaba wanaikumbuka harufu yake, kama ya mayai viza. Moshi wake ulikula mabati ya nyumba za watu hadi yakatoboka, na maji machafu yaliingia mto Nzoia. Hakuna haja ya kukipamba kwa sababu kimekwisha kufa.

Hata hivyo, kililipa watu zaidi ya elfu moja kila mwezi. Mtu alikuwa na hati ya mshahara. Alikuwa na likizo, chama cha kumtetea na akiba ya uzeeni. Mshahara huo mmoja ulimlisha fundi cherehani, mwenye nyumba ya kukodisha, muuza samaki sokoni, mwalimu wa nasari na kinyozi. Wakulima wa milimani walipanda miti wakijua itanunuliwa.

Kilifungwa Januari 2009. Mwezi Juni mwaka huo huo waya wa TEAMS, unaopitisha mawasiliano chini ya bahari, ukafika Mombasa kutoka Fujairah kule Ghuba. Julai ukaanza kazi mwingine, SEACOM. Viongozi walikata utepe Mombasa na hotuba zikasomwa. Webuye hapakuwa na utepe.

Kuna watakaosema kwamba karatasi ilikufa kwa sababu ya tarakilishi. Si kweli kwa Panpaper. Kiwanda kile kiliangushwa na madeni, gharama za umeme na usimamizi mbaya, ilhali wanafunzi wa Kenya waliendelea kuandika kwenye madaftari na maduka yaliendelea kufunga unga kwa karatasi. Mwaka 2016 kiliuzwa kwa kampuni za familia ya Rai kwa shilingi milioni 900, na mashine kadhaa zikaanza tena kunguruma. Webuye ile ya zamani haijarudi. Vivyo hivyo, viwanda vya nguo kama KICOMI cha Kisumu havikuuawa na mtandao. Vilikwisha katika miaka ya tisini, milango ilipofunguliwa kwa mitumba na bidhaa za nje, wakati ambapo Wakenya waliokuwa wamesikia neno intaneti walikuwa wachache kuliko madaktari.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo. Tumefundishwa kuamini kwamba viwanda vinakufa kwa sababu dunia inakwenda mbele, kama vile mzee anavyokufa kwa sababu ya umri. Ujerumani ni nchi iliyotutangulia kwa kila aina ya kompyuta, na bado inachapisha noti zetu.

Turudi Januari 2023. Mwezi ule ule ambao kiwanda cha Ruaraka kilizima mitambo, jarida la TIME la Marekani lilichapisha habari kuhusu vijana wa Nairobi waliokuwa wamefanya kazi ya kuifundisha ChatGPT, ile programu inayojibu maswali kama binadamu. Kazi yao ilikuwa kusoma maandishi ya kutisha, ya ubakaji, mauaji na mateso ya watoto, kisha kuyatia alama ili mashine ijue kuyakwepa. Waliajiriwa kupitia kampuni ya Sama, na malipo yao yalikuwa chini ya dola 2 kwa saa. Baadhi yao walieleza jinsi maandishi hayo yalivyowasumbua akili.

Hiyo, wasomaji wangu, ndiyo kazi isiyo na uzito. Haipaki mafuta mikononi wala haitoi jasho. Mama yake kijana humwona ameketi kitini kutwa nzima akitazama kioo, na pengine humwuliza ataanza lini kutafuta kazi. Usiku kijana halali. Baba aliyefanya Panpaper alirudi nyumbani amechoka mgongo, na kila mtu aliuona uchovu wake, akachemshiwa maji ya kuoga. Huyu wa sasa anachoka mahali ambapo hakuna anayepaona.

Ningewaomba wazazi wawe wanauliza. Si "umelipwa ngapi?" pekee, bali pia "leo umesoma nini?"

Na hata huo wepesi wenyewe tusiuamini sana. Shilingi ya simu haina uzito mfukoni mwako, lakini uzito wake upo, umewekwa mbali na macho yako. Betri nyingi za simu hutumia kobalti, na takriban asilimia 70 ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, hasa pande za Kolwezi na Likasi. Wachimbaji wa huko wanazungumza Kiswahili. Wengine wanashuka mashimoni kwa sururu na koleo, na mzigo unaopandishwa juu ni gunia begani, sawasawa na mpagazi wa Tabora.

Ujumbe wa "umepokea shilingi 500" nao hupita katika mitambo inayokula umeme usiku na mchana. Sehemu kubwa ya umeme wetu hutoka Olkaria, karibu na Naivasha, ambako mvuke umekuwa ukivunwa kutoka ardhini tangu 1981. Mnamo Mei 2024 kampuni za Microsoft na G42 zilitangaza mpango wa kujenga hapo kituo cha kuhifadhia data kwa dola bilioni 1. Tangazo ni tangazo, na jengo ni jengo. Ila limetuonyesha kwamba hilo "wingu" wanalolisifu vijana wetu lina kuta, paa, mabomba na mlinzi langoni.

Mwezi uo huo wa Mei 2024, Jumapili ya tarehe 12, nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini kule kusini. Mtandao ukazorota Afrika Mashariki nzima. Waya wenyewe kwenye kina kirefu hauzidi unene wa mpira wa kumwagilia maua, na ndani yake nyuzi za kioo zilizo nyembamba kama unywele. Ili kuunganisha, ilibidi meli itumwe, waya uvuliwe kama samaki, na mafundi wauunge kwa mikono.

Sasa nije nyumbani, kwa maana ukurasa huu ni wa familia.

Pesa nzito ilikuwa na breki. Mama alipofungua pindo la leso lake, akatoa noti ya mia na kuitazama, kulikuwa na muda wa kufikiri. Mkono uliona kwamba pindo limekonda. Mtoto aliyetumwa dukani alihesabu chenji na kujua kwamba mia ukitoa sitini zinabaki arobaini. Ninaye mpwa wa miaka saba ambaye anajua pesa ni sauti ya simu: ikilia, ipo. Nilipompa sarafu ya shilingi 40, ile iliyotolewa mwaka 2003 Kenya ilipotimiza miaka arobaini ya uhuru, aliigeuzageuza na kuniuliza inachezwa vipi.

Deni nalo limekuwa jepesi. Zamani kukopa kulihitaji miguu na uso. Ulikwenda kwa jirani, ukaketi, ukazungumzia mvua, halafu ukalisema jambo lako kwa aibu. Tangu Januari 2019 kuna Fuliza, ambayo hukuongezea pesa palepale unapolipa, bila mtu kukuona. Ni msaada mkubwa usiku mtoto akiugua, hilo sitalipinga. Lakini wapo wanandoa wanaolala kitanda kimoja, na kila mmoja ana deni la simu ambalo mwenzake halijui. Deni la mbuzi lingejulikana, maana mbuzi hukosekana zizini.

Kabla ya kanuni za 2022 zilizoweka wakopeshaji wa mitandaoni chini ya Benki Kuu, baadhi yao walikuwa wakipigia simu kila mtu aliyemo kwenye simu ya mdaiwa: mkwe, bosi, hata pasta. Ndoa ziliingia nyufa kwa sababu ya shilingi 3,000. Pesa ilikuja bila uzito, aibu ikaja na uzito wake wote.

Nakijua chama kimoja cha akina mama mtaani kwetu ambacho kwa miaka mingi kiliweka akiba katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo zilishikwa na wanawake watatu tofauti, na sanduku likakaa kwa wa nne. Bila wote wanne kukutana, halifunguki. Ikitokea mmoja amesafiri, kikao huahirishwa, na wakati mwingine watu walinuna.

Mwaka juzi walihamia kwenye simu. Mweka hazina sasa hutuma ujumbe kwenye kundi lao, kila mtu huona salio, na mikopo hutoka siku yoyote. Vikao vimepungua kutoka kila juma hadi mara moja kwa mwezi, na katika kikao cha mwisho walihudhuria sita kati ya ishirini.

Walipotaka kuliuza sanduku kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu, ambaye huwa anapima kwa kilo, mmoja wa wale waliokuwa wakishika funguo alikataa kuutoa wake. Hakueleza sababu. Sanduku lingali nyumbani kwa yule wa nne, chini ya meza ya runinga, limefungwa kwa kufuli moja.